Kwa nini tunampa mgonjwa kazi: asili ya tiba kwa vitendo

Swali ninaloulizwa sana katika chumba chetu cha tiba huulizwa na ndugu wa mgonjwa. Wanaingia na kumkuta mama yao, aliyepata kiharusi wiki chache zilizopita, ameketi mbele ya ungo anachambua mchele kwa mkono uleule uliolegea, nami nipo pembeni namwangalia. “Daktari, tumemleta mama atibiwe. Mbona anafanyishwa kazi?” Huuliza kwa uchungu, na wana haki ya kujibiwa vizuri.

Kwa Tanzania jina rasmi la fani yetu, occupational therapy kwa Kiingereza, ni tiba kwa vitendo. Wapo wanaosema tiba ya kazi, na hapo utata huanzia, kwa sababu neno kazi masikioni mwetu ni ajira au jasho la shamba. Waasisi wa fani hii walimaanisha kitu kipana zaidi: chochote kinachoijaza siku ya mtu na kumfanya ajione ni mtu. Kuoga mwenyewe, kufunga kanga, kusonga ugali, kwenda msikitini au kanisani, kucheza bao jioni, kumbembeleza mjukuu. Hayo yote kwetu ni kazi.

Mizizi ya wazo hilo imo katika matibabu ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1796, katika mji wa York nchini Uingereza, mfanyabiashara wa chai wa dhehebu la Kikristo la Quaker aitwaye William Tuke alifungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa hao. Chanzo chake kilikuwa msiba: miaka sita kabla, mwanamke wa dhehebu lake, Hannah Mills, alifia katika hospitali ya vichaa ya mji huohuo, na ndugu zake katika imani walikuwa wamezuiwa kumwona. Katika nyumba ya Tuke wagonjwa walitunza bustani, walishona, walikunywa chai mezani pamoja na walezi wao. Minyororo haikutumika. Walichukuliwa kuwa watu wenye akili iliyojeruhiwa, wanaoweza kurudi polepole kwenye mwenendo wa kila siku wakipewa heshima na jambo la kufanya.

Karne ya 19 iliposonga, wazo hilo liliharibika. Hospitali zilifurika, na kazi ya mgonjwa ikageuka njia ya kupunguza gharama: wagonjwa wakafua mashuka ya taasisi nzima na kulima mashamba yake. Ninalitaja kwa makusudi, maana wasiwasi wa ndugu wanaouliza lile swali una msingi katika historia. Kazi inayomnufaisha mwenye hospitali peke yake haiwezi kuitwa tiba.

Wakati huohuo, kwa watu wenye uwezo waliochoka akili na mishipa, dawa iliyosifika Marekani ilikuwa kulala kitandani wiki nyingi bila kufanya lolote. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachache walianza kuitilia shaka. Daktari Herbert Hall wa Marblehead, Massachusetts, aliwapa wagonjwa wake ufinyanzi na kazi ya kufuma, kidogo kidogo kulingana na nguvu zao. Muuguzi Susan Tracy aliwafundisha wauguzi wenzake namna ya kumchagulia mgonjwa shughuli inayomfaa yeye, hata akiwa kitandani, na mwaka 1910 akachapisha kitabu cha kufundishia somo hilo.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni mtu ambaye hakuwa daktari wala muuguzi. George Barton alikuwa msanifu majengo. Aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alipolazwa katika sanatoria (hospitali ya wagonjwa wa muda mrefu) ya Clifton Springs, jimbo la New York, alikuwa mtu aliyekata tamaa. Aliyemsikiliza huko, mchungaji Elwood Worcester, alimgeuza macho kutoka kwenye alichopoteza hadi kwenye anachoweza bado kukifanya. Mwaka 1914 Barton akanunua nyumba karibu na hapo, akaiita Nyumba ya Faraja, akatengeneza bustani na karakana ya useremala, na akaufanya mwili wake mwenyewe kuwa wa kwanza kutibiwa humo. Kila chombo alichoshika alikipima: kinaamsha msuli gani, kinahitaji umakini kiasi gani.

Ndani ya nyumba hiyo, kuanzia tarehe 15 hadi 17 Machi 1917, watu sita walikutana na kuunda chama cha kwanza cha taifa cha fani hii. Tazameni mchanganyiko wao: Barton, aliyechaguliwa mwenyekiti; katibu wake Isabel Newton; daktari wa akili William Rush Dunton; mwalimu wa kazi za mikono Susan Cox Johnson; Thomas Kidner, aliyekuwa akishughulikia askari majeruhi wa Kanada; na Eleanor Clarke Slagle, mfanyakazi wa jamii kutoka Chicago. Wiki tatu baadaye Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Wanawake waliofunzwa upesi walipelekwa hospitali za jeshi kuwasaidia askari waliovunjika mwili na moyo, na fani iliyozaliwa mezani kwa watu sita ikajulikana kote nchini.

Slagle alifanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Aliwachukua wagonjwa wa akili walioachwa wodini miaka mingi, wasiojua tena kuvaa wala kula kwa utaratibu, akawapangia siku nzima: kuamka, kunawa, kutembea, kufuma, kucheza, kulala. Mazoea yaliyobomoka aliyajenga upya kwa kurudiarudia. Daktari Adolf Meyer, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya naye kazi Baltimore, ndiye aliyeipa hatua hiyo maelezo yake ya msingi mwaka 1921. Alisema maisha ya binadamu yana mapigo, kama ngoma: kazi, mchezo, mapumziko na usingizi. Mtu huugua mapigo hayo yanapovurugika, na hupona kwa kufanya, maana uwiano huo hauji kwa kuhubiriwa. Dunton naye alikuwa ameandika mwaka 1919 kwamba shughuli ni ya lazima kwa uhai sawa na chakula na kinywaji. Wanafunzi wangu wengine huona amezidisha. Mimi nimewaona wazee waliostaafishwa na maradhi wakinyong'onyea huku sahani zimejaa.

Uingereza ilipata shule yake ya kwanza mwaka 1930 huko Bristol, kwa juhudi za daktari Elizabeth Casson. Aliwahi kuingia wodi ya wanawake iliyokuwa imezama katika uchovu wa kukaa bure, akaikuta imechangamka ghafla kwa sababu mapambo ya Krismasi yameanza kutengenezwa. Shirikisho la dunia la fani hii likaundwa 1952. Kwetu Afrika Mashariki wataalamu hufunzwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC nchini Kenya, miongoni mwa vyuo vingine.

Basi turudi kwa mama na ungo wake. Punje ya mchele ni ndogo, inalazimisha kidole gumba kikutane na cha shahada. Chuya humfanya atazame upande ambao kiharusi kimemsahaulisha. Naye amechambua mchele tangu utotoni, kwa hiyo mkono unaikumbuka njia hata pale ulimi unapokwama. Ningeweza kumpa mpira wa kuminya, na wakati mwingine humpa. Ila mpira haujawahi kumtoa machozi ya furaha.

Ndiyo maana tunapomwandikisha mgonjwa mpya huwauliza ndugu siku yake ilikuwaje kabla hajaugua, tangu alfajiri hadi kulala. Mkija kliniki, mje na kanga yake, mwiko wake, kikombe anachokipenda, na kama alikuwa akisuka mikeka, ukili kidogo.