Al Gore na hotuba ya 2000: mambo ambayo watu wengi wanayakosea

Mgombea yeyote akigoma kukubali matokeo, lazima atokee mtu aseme "si afanye kama Al Gore, alimpigia mwenzake simu akampongeza yakaisha". Wanamsema yule mgombea urais wa Marekani wa chama cha Democratic aliyeshindwa na George W. Bush mwaka 2000. Hayakuisha hivyo jamani, na mimi hii stori naipenda, inaniuma ikisimuliwa nusunusu.

Kwanza simu. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2000 kuamkia tarehe 8, tivii zikatangaza Bush kachukua Florida, jimbo lililokuwa linaamua nani rais, Gore akampigia akampongeza, akaingia kwenye gari kwenda kuongea na wafuasi waliokuwa wanamsubiri na mvua inawanyeshea pale Nashville, sasa wakiwa njiani watu wake wakapata taarifa kwamba pengo la kura Florida linazidi kupungua, basi hotuba ikasimama na Gore akampigia Bush tena kufuta pongezi zake. Hotuba inayokumbukwa ni ya tarehe 13 Desemba, wiki tano baadaye, na mwanzoni kabisa anasema amempigia Bush na amemuahidi safari hii hatampigia tena.

Halafu wapo wanaodhani wananchi walimkataa. Nchi nzima Gore alimzidi Bush kwa kura zaidi ya laki tano. Aliangushwa na mfumo wao wa wajumbe, ambapo kila jimbo lina wajumbe wake na hao ndio wanaomchagua rais, 271 kwa 266, baada ya Florida kuhesabiwa Bush kaongoza kwa kura 537 tu. Ila kitu ambacho mashabiki wake hawapendi kukisema ni kwamba alipoteza mpaka Tennessee, jimbo lake mwenyewe, ambalo kama angelichukua, Florida isingekuwa na umuhimu wowote.

Sasa hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwamba alikubali kwa sababu aliona mahakama imetenda haki. Mahakama Kuu ya Marekani ilifunga kabisa suala la kuhesabu upya kura za Florida tarehe 12 Desemba, majaji 5 dhidi ya 4, na kesho yake Gore akasema waziwazi mbele ya taifa kwamba anapingana vikali na uamuzi ule, lakini anaupokea. Yaani hakujifanya kuridhika, na hakuwaambia watu wake kwamba hasira zao ni za bure. Akawakumbusha Stephen Douglas, aliyeshindwa urais na Abraham Lincoln 1860, alivyosema hisia za chama lazima ziupishe uzalendo. Ndiyo maana naiona nzito kuliko hotuba ya mtu aliyepigwa kwa kura nyingi, maana huyo hana cha kubishia.

Wengine wanadhani bila hotuba kama ile mshindi haapishwi. Hakuna sheria Marekani inayomlazimisha aliyeshindwa kusema chochote, wajumbe wanapiga kura zao, Bunge linazihesabu, basi. Trump 2020 hakukubali na Biden akaapishwa vilevile, ila kabla ya hapo umati ulivamia Bunge tarehe 6 Januari 2021 kura zikiwa zinahesabiwa.

Na hiyo tarehe ndiyo inayonirudisha kwa Gore, kwa sababu wanaosema ile hotuba ilikuwa maneno ya kamera tu wanasahau kwamba bado alikuwa makamu wa rais, kwa hiyo tarehe 6 Januari 2001 yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti kusimamia kura za kumshindisha mpinzani wake. Wabunge weusi wa chama chake, waliokuwa wanampigania yeye, walisimama mmoja baada ya mwingine kupinga kura za Florida, lakini pingamizi lilihitaji sahihi ya seneta na hakuna seneta hata mmoja aliyesaini. Mmoja wao, Maxine Waters, akasema hajali kama haina sahihi ya seneta, Gore akamjibu kwamba kanuni zinajali. Akayatupa yote, kikao kikaendelea, akamtangaza Bush.