Kabla ya Kununua Sumu ya Panya, Kagua Milango na Paa

Wateja wengi hunipigia simu wakiwa wameshaweka sumu zaidi ya mara moja, na swali lao huwa lilelile: mbona panya wanakufa lakini hawaishi? Sumu humuua panya aliyemo ndani, ila haizibi tundu alilopitia wala haiondoi chakula kilichomvuta, na kwa kuwa kipanya wa nyumbani (aina ndogo ya panya, si mtoto wa panya) hubeba mimba kwa takriban wiki 3 na kuzaa watoto 5 hadi 8 kwa mpigo, nafasi iliyoachwa na waliokufa hujazwa upesi. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye sementi na wavu, inayofuata kwenye mitego, na sumu ije mwisho kabisa, ikibidi.

Kwanza jua unapambana na yupi: kipanya, au panya wa darini aliye mkubwa zaidi. Kinyesi cha kipanya kina urefu wa milimita 3 hadi 6 na kimechongoka ncha, ilhali cha panya wa darini hufikia milimita 12 au zaidi. Kipanya ni mdadisi na hukijaribu kitu kipya usiku huohuo, lakini panya wa darini hukiogopa kwa siku kadhaa, na ndiyo maana mtego uliotegwa leo unaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Ukikuta michirizi myeusi yenye mafuta kando ya ukuta, hiyo ni njia yao ya kila siku. Ukiwa na shaka, nyunyiza unga kidogo sakafuni kabla ya kulala, na asubuhi utaona nyayo zinakoelekea.

Kazi kubwa ni kuziba. Chukua kalamu ya risasi uipitishe chini ya mlango wa jikoni: ikipita, kipanya naye anapita, kwa sababu tundu la milimita 6 linamtosha. Mpira wa kuzuia vumbi peke yake hausaidii sana, kwani huutafuna. Pigilia ukanda wa bati upande wa chini wa mlango. Kisha fungua kabati lililo chini ya sinki na umulike nyuma kwa tochi. Katika nyumba nyingi ninazokagua Dar es Salaam, fundi bomba amevunja ukuta tundu la ukubwa wa ngumi ili apitishe bomba la nusu inchi, na kabati likaja kulificha. Shindilia humo nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zile ziitwazo stilwaya, mpaka zikaze, halafu funika kwa mchanga na sementi. Povu la kuzibia linalouzwa kwenye makopo hutafunwa kirahisi likiachwa peke yake.

Juu ndiko kunakosahaulika. Bati la migongo linapokaa juu ya ukuta, kila mgongo huacha kimlango, na dari la jipsamu huficha yote yanayoendelea humo. Ziba mianya hiyo kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa mbu wa plastiki usikudanganye. Kata matawi ya mwembe yanayogusa paa, maana panya wa darini ni mkwezi hodari na hata waya wa antena humtosha kuwa daraja. Hata hivyo, usizibe tundu la mwisho kabla ya kutega mitego ndani, usije ukawafungia humo na kubaki na harufu ya mizoga darini.

Kuhusu chakula sina mengi. Mchele, unga na maharage vikae kwenye ndoo ngumu au mapipa yenye mifuniko inayobana, magunia yainuliwe juu ya kichanja na yasiegemee ukuta, na bakuli la chakula cha mbwa lisilale nje.

Mtego wa kubana bado ndio silaha ninayoipendelea. Uweke ukielekezwa ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hutembea akiuambaa. Siagi ya karanga kiasi cha punje ya haragwe inatosha; ukiweka nyingi, atairamba pembeni na kuondoka salama. Kwa panya wa darini, acha mitego ikiwa na chambo bila kuitega kwa siku chache hadi azoee. Gundi siipendekezi: hunasa mijusi na vifaranga, na panya huteseka kwa saa nyingi bila kufa. Vifaa vya umeme vinavyodaiwa kuwafukuza kwa mlio navyo ni hasara, kwani panya huzoea mlio huo haraka.

Sumu inayotangazwa mitaani kwa vipaza sauti pamoja na dawa ya mende na kunguni, ikiwa kwenye kijipakiti kisicho na lebo, usiiingize nyumbani. Lebo lazima itaje kiambato na namba ya usajili, kwa sababu tiba hutegemea kiambato. Sumu za kuzuia damu kuganda, kama brodifakumu, huua panya baada ya siku kadhaa, na mtu aliyezila kwa bahati mbaya hutibiwa kwa vitamini K. Zinki fosfaidi hutoa gesi yenye sumu tumboni na haina kiuasumu. Mtoto akila sumu, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa kama wengi walivyozoea. Mkimbize hospitali pamoja na pakiti. Paka, kuku na bundi nao hudhurika wakila panya waliokula sumu.

Wakati wa kusafisha, usifagie kinyesi kikavu, kwa maana vumbi lake huingia mapafuni. Fungua madirisha, vaa glavu, lowesha kwa maji yenye klorini, subiri dakika 5, kisha futa. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda (leptospirosisi), homa ya bakteria ambayo Julai 2022 Wizara ya Afya ilithibitisha kuwa ndiyo iliyowapata watu wa Ruangwa, mkoani Lindi. Mtu akipata homa ya ghafla, maumivu makali ya misuli ya miguu na macho mekundu, mwahini hospitali, na mwelezeni daktari kwamba nyumbani kwenu kuna panya, hata kama hakuuliza.