Mashine ya kupumulia haitibu mapafu

"Kawekewa mashine, sasa mapafu yatapona." Maneno haya tuliyasikia sana wakati wa korona, na yana kosa. Mashine ya kupumulia husukuma hewa yenye oksijeni kupitia mpira ulioingizwa kooni. Inamshikilia mgonjwa tu, huku dawa na mwili wenyewe vikipambana na ugonjwa. Tena ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi, vile vifuko vidogo vya hewa hutanuka na kuumia. Ndiyo maana madaktari hupima kila pumzi kwa mililita.

Kulitengeneza pafu lililoharibika ni kazi nyingine kabisa. Profesa Gordana Vunjak-Novakovic, mhandisi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wenzake walichukua mapafu ya binadamu yaliyokataliwa kupandikizwa, wakayaunganisha na mzunguko wa damu wa nguruwe aliye hai. Naam, nguruwe: ini na figo zake ndizo zilizoisafisha damu ile na kuirekebisha. Baada ya saa 24 mapafu yalikuwa yamepata nafuu kubwa. Matokeo yalichapishwa 2020, ila katika utafiti huo hakuna mgonjwa aliyepandikizwa mapafu hayo.