Je, wajua kwa nini wakusanyaji wa filamu wanamsaka Ivan Lapshin?

Zikitajwa filamu za Kisovieti, watu humkimbilia mwongozaji Eisenstein au Tarkovsky. Aleksei German husahauliwa, na hilo linaniuma, maana filamu yake "Moy drug Ivan Lapshin", yaani "Rafiki Yangu Ivan Lapshin", ni hadithi ya polisi ambayo sijaona mfano wake.

Ni mwaka 1935, katika mji wa kubuni uitwao Unchansk. Lapshin ni mkuu wa upelelezi anayelisaka genge la muuaji Solovyov. Anaishi na wenzake katika fleti moja, wamebanana, na humo yumo mtoto wa miaka tisa. Mtoto huyo, akiwa mzee, ndiye anayetusimulia, na filamu nzima inakwenda kama kumbukumbu yake. Watu watatu wanaongea kwa mpigo, mmoja anakatiza mbele ya kamera, na neno zito linatamkwa na mtu aliyetupa kisogo.

Siku ya msako kuna ukungu na matope. Mwandishi Khanin, rafiki wa Lapshin, anachomwa kisu bila muziki wowote wa kutushtua. Anayemwigiza Khanin ni Andrei Mironov, ambaye Wasovieti walimzoea kwa vichekesho. Kisha Solovyov anajitokeza, yuko tayari kujisalimisha, na Lapshin anampiga risasi. Huyu ndiye shujaa wetu, mtu mwema anayeamini kwamba maisha yatanyooka. Mtazamaji anajua kwamba mwaka 1937 wimbi la Stalin la kukamata na kuua watu litafika.

Si ajabu wakubwa wa sinema waliikalia. Ilionyeshwa mwaka 1985, na mwaka 1987 wahakiki wa Kisovieti wakaipigia kura kuwa filamu bora kuliko zote za nchi yao.

Hapo ndipo wakusanyaji wanapoingia. Kuitazama mara moja hakutoshi. Na kwa kuwa sauti zinapandana, mfasiri wa manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, hulazimika kuchagua nani asikike na nani aachwe, hivyo asiyejua Kirusi akipata toleo jingine hukutana na maneno mapya. Picha nazo karibu zote hazina rangi, na mambo makubwa yamefichwa pembeni, gizani. Katika kanda iliyochakaa, giza hilo humeza kila kitu. Ndiyo maana mtu mwenye nakala moja bado hutafuta iliyo safi zaidi, aone vizuri hata ile tramu ya mwisho inayopita na bendi yake, imebeba picha ya Stalin.