Jemadari Li Guang na Sheria za Jeshi la Han

Tangu idara yetu ya historia ianze kampeni ya elimu kwa umma kuhusu Uchina ya kale, swali linaloletwa mara kwa mara ni kwa nini Li Guang, jemadari wa nasaba ya Han aliyepigana na Waxiongnu, wahamaji wa kaskazini mwa Uchina, zaidi ya mara 70, hakupewa umwinyi na kodi za eneo lake kama majemadari wenzake. Wengi huja na jibu mfukoni: alionewa. Tunawaomba, kwa heshima, waziache filamu kando na wautazame utaratibu.

Jemadari wa Han alikuwa mtumishi wa dola. Kila baada ya vita makarani walilinganisha idadi ya adui waliouawa au kutekwa na idadi ya askari waliopotea, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua tuzo au adhabu. Mwaka 129 KK Li Guang alipoteza askari wengi, naye akatekwa akiwa na majeraha, akalazwa kwenye wavu uliofungwa kati ya farasi wawili. Alijifanya maiti, kisha ghafla akamrukia kijana aliyepanda farasi mzuri, akamwangusha, akachukua upinde wake na kutoroka. Wasimulizi hupenda kuishia hapo. Makarani waliendelea: kupoteza askari na kutekwa hai lilikuwa kosa la kifo, ila sheria iliruhusu mhukumiwa kulipa fidia, akabaki hai bila cheo. Li Guang alilipa. Usiku mmoja, katika miaka hiyo ya uraia, mlinzi wa kituo cha Baling alimzuia kupita, akimwambia kwamba hata jemadari aliye kazini hapiti usiku, sembuse wa zamani. Mlinzi alikuwa sahihi kabisa. Li Guang aliporudishwa kazini, alimwomba aandamane naye, akamuua.

Mwaka 121 KK, akiwa na wapanda farasi 4,000, alizingirwa na 40,000. Zaidi ya nusu ya watu wake walikufa kabla jemadari mwenzake, Zhang Qian, hajafika na msaada. Zhang Qian, kwa kuchelewa, alihukumiwa kifo, naye akalipa fidia. Li Guang alionekana kuwa mafanikio yake yamelingana na hasara zake, kwa hiyo hakupata kitu.

Ni kweli kwamba mwaka 119 KK Kaizari Wu alimwagiza jemadari mkuu Wei Qing kwa siri asimpe mzee huyo nafasi ya kumkabili mfalme wa Waxiongnu, kwa kuwa hana bahati. Akapelekwa njia ya mashariki, ndefu na yenye maji haba, bila kiongozi wa njia, akapotea na kuchelewa. Wei Qing alimtuma karani na chakula kikavu na pombe, akitaka maelezo ya kimaandishi. Li Guang alisema wasaidizi wake hawana kosa, na kwamba kwa umri wake wa zaidi ya miaka 60 hawezi tena kuhojiwa na makarani. Akachomoa upanga, akajikata koo.

Zhao Yiji, jemadari aliyepotea naye katika njia hiyohiyo, alihojiwa, akahukumiwa kifo, akalipa fidia, akawa raia wa kawaida.