Usahihi wa asilimia 97 hauthibitishi kitu: namna ya kumpima anayeshukiwa kutumia injini

Malalamiko mengi kwenye sataranji ya mtandaoni huja na picha moja ya skrini: usahihi asilimia 97, yaani alama ya jinsi hatua za mchezaji zinavyokaribia zile za injini, programu ya kompyuta inayocheza sataranji. Picha hiyo peke yake haina uzito. Mpinzani akipoteza malkia kwenye hatua ya 12, hatua zinazobaki huwa nyepesi, na hata mchezaji wa kawaida mwenye Elo (alama ya kiwango) 1200 anaweza kumaliza kwa usahihi wa kutisha.

Ndiyo maana mimi huanza kwa kupunguza. Chukua michezo yote ya mshukiwa katika shindano hilo, hata ile aliyofungwa. Ukiokota inayotia shaka tu, umeshahukumu kabla ya kupima. Toa hatua 8 za mwanzo za kila mchezo, kwani nyingi ni za kukariri. Toa hali za ubao ambazo upande mmoja umezidi kwa zaidi ya thamani ya askari 3, toa na marudio. Mipaka hiyo ndiyo anayoitumia Kenneth Regan wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, ambaye kazi yake ndiyo msingi wa fani hii. Mimi huondoa pia hatua za kula tena kete iliyokula, maana karibu kila mtu huziona.

Kilichobaki kipitishe kwenye injini ya Stockfish, ukiitaka itoe hatua 3 bora kwa kila hali, kwa kina (umbali inaotazama mbele) cha 20 au zaidi. Tuseme umebakiwa na hali 200, na wachezaji wa kiwango chake, wakipimwa kwa injini ileile na kina kilekile, huafikiana na chaguo la kwanza la injini kwa asilimia 45. Tunatarajia hatua 90. Mchepuko wa kawaida, yaani kadiri matokeo yanavyotawanyika kwa bahati, ni kipeuo cha pili cha 200 × 0.45 × 0.55, yaani kama 7. Akipata 104, amezidi kwa michepuko 2: katika wachezaji 10,000 waaminifu, zaidi ya 200 watafika hapo kwa bahati tu. Akipata 120, amezidi kwa 4.26, jambo ambalo bahati humpa takriban mmoja kati ya laki moja. Hapo nakaza macho. Sisemi nimemaliza, kwa sababu hatua za mchezo mmoja hutegemeana, na hesabu hii nyepesi hutia chumvi kidogo. Tena kiwango chenyewe huweza kudanganya: kijana anayepanda haraka, au akaunti mpya, huwa na Elo iliyo chini ya uwezo halisi.

Sasa fungua saa. Faili la PGN (rekodi ya hatua za mchezo) kutoka majukwaa ya Lichess au Chess.com huonyesha muda uliobaki baada ya kila hatua. Binadamu hula kete ya bure ndani ya sekunde 1 au 2, kisha huzama sekunde 40 kabla ya kutoa ngome kafara. Anayenakili injini huonyesha sekunde 6, 7, 6, 8 kwa yote mawili, kwa sababu kila mara lazima aingize hatua ya mpinzani kwenye kifaa cha pili, asubiri jibu, arudi. Kwangu huu ni ushahidi mzito kuliko asilimia yoyote, ingawa mtandao unaokatika huweza kuvuruga saa.

Mgumu kuliko wote ni yule anayechungulia mara 2 au 3 tu kwa mchezo. Wastani humficha. Mtafute kwenye hali ambazo hatua ya kwanza inaizidi ya pili kwa askari 1 au zaidi na si ya kula wala ya kutoa kishi (kumtishia mfalme). Hali hizo ni chache, kwa hiyo unahitaji michezo mingi, na mara nyingi haitoshi.

Ukishapata namba, usimtaje mtu kwenye kundi la WhatsApp. Peleka ripoti kwa waendeshaji wa jukwaa: wao wana kumbukumbu za kivinjari, ikiwemo mchezaji alipotoka kwenye dirisha la mchezo na aliporudi, ambazo hazimo kwenye PGN yako.