Ujasiriamali si sabuni ya maji

Majuzi nilialikwa kwenye ufungaji wa mafunzo ya siku tatu Mbagala. Ukutani bango: MAFUNZO YA UJASILIAMALI KWA VIJANA. Nimeliandika kama lilivyokuwa, pamoja na ile l mahali pa r. Siku ya kwanza vijana walifundishwa sabuni ya maji, ya pili sabuni ya mche, ya tatu batiki. Kisha vyeti, picha ya pamoja, soda, nauli mkononi. Kijana mmoja aliyekaa karibu nami, cheti bado kinanukia wino, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, kwa hiyo mimi sasa ni mjasiriamali?"

Nilimpa jibu la adabu ambalo halikuwa jibu. Hili hapa ndilo nililopaswa kumwambia.

Ujasiriamali ni kuanzisha au kuendesha shughuli ya kutafuta faida kwa uamuzi wako mwenyewe, huku umeweka mali mahali ambapo huna hakika kama itarudi. Mali hiyo inaweza kuwa yako, ya mjomba, au ya kikoba. Maana ni hiyo tu, haihitaji semina. Kinachohitaji maneno mengi zaidi ni jinsi neno lenyewe lilivyojengwa, kwa sababu kosa lote la bango lile limejificha humo.

Wengi huligawa neno hili kuwa ujasiri na mali, halafu hiyo a ya katikati wakaiacha ielee kama gundi. Si gundi. Jasiri kwetu ni sifa, lakini ni kitenzi pia: kujasiri ni kuthubutu, kujitosa. Limetoka Kiarabu, kama lilivyotoka mali. Sasa kitie kitenzi hicho katika kauli ya kutendea upate jasiria, yaani kuthubutu kwa ajili ya kitu fulani. Jasiria nini? Mali. Mjasiriamali basi ni mtu anayejasiria mali, kwa muundo uleule wa mfanyabiashara na mpigapicha: kitenzi mbele, kinachotendwa nyuma, na m- ya mtu imewekwa mwanzoni.

Ndiyo maana ile l inanikera kuliko inavyostahili. Najua r na l hubadilishana katika vinywa vya wengi wetu, na sitamcheka mtu kwa anavyotamka. Ila bango huandikwa, hulipiwa, na husomwa na watu kumi kabla halijachapwa. "Jasilia" si kitenzi cha popote. Nimewahi kumsikia mwezeshaji akieleza mbele ya darasa kwamba neno linatokana na "asili ya mali", na vijana wakaandika kwenye madaftari. Ukipoteza r umepoteza kuthubutu, na ukipoteza kuthubutu kinachobaki ni mali, ambayo vijana wale hawakuwa nayo.

Wazungu wao hawana mali ndani ya neno lao. Entrepreneur ni la Kifaransa, kutoka kitenzi chenye maana ya kulishika jambo na kulianza. Aliyelipa uzito katika uchumi ni Richard Cantillon, mzaliwa wa Ireland aliyefanya shughuli za benki Paris, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1755, yeye akiwa amekwisha kufa tangu 1734. Cantillon aliona kwamba watu sokoni wako wa namna mbili: wenye ujira unaojulikana, na wale wanaonunua kwa bei wanayoijua ili wauze kwa bei wasiyoijua. Hawa wa pili ndio aliowaita hivyo. Na hakuwa na makuu: humo aliwaingiza wachuuzi, wakulima, mafundi wa kujitegemea, hata ombaomba na wezi, kwa kuwa nao hutoka asubuhi bila kujua jioni itakuwaje.

Kwa kipimo hicho, mama anayechoma mihogo Tandika ni mjasiriamali kamili. Kanunua mihogo kwa bei anayoijua, mkaa kwa bei anayoijua, na kama mvua itanyesha saa kumi, hilo ni lake peke yake. Kwa hiyo mtu asije akadhani ugomvi wangu ni kwamba neno limeshushwa hadhi kwa kupewa watu wadogo. Udogo hauna shida.

Shida ni kwamba limegeuzwa kuwa jina la heshima la umaskini. Kiswahili kimewatendea wafanyabiashara mambo ya ajabu. Tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu. Kwetu akawa mtu mwenye fedha. Bepari lilikuja na Wahindi, maana yake vilevile mfanyabiashara, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa tusi. Mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, mwenye duka aliyeficha sukari aliitwa mlanguzi, na kijana aliyekuwa akitembeza karanga mjini bila kazi inayotambulika aliitwa mzururaji: Sheria ya Nguvu Kazi iliyopitishwa mwaka huohuo ndiyo iliyowapakia watu kama yeye kwenye magari na kuwarudisha vijijini. Desemba 2018 kijana wa karanga, au tuseme mwanawe, akakabidhiwa kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000, mradi mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Karanga ni zilezile. Barabara pengine ni ileile.

Mimi nafurahi kwamba hakupakiwa kwenye gari. Lakini angalia neno limefanyiwa nini: limepewa kima cha juu cha mauzo. Ukiuza zaidi ya hapo, unaitwa mfanyabiashara. Kwa hiyo katika mazungumzo yetu ya kila siku mjasiriamali amekuwa ni yule ambaye bado hajafanikiwa. Sikia watu wanavyosema: "Huyu hana kazi, ni mjasiriamali." Wakati Reginald Mengi, mhasibu aliyekuja kuwa tajiri mkubwa, alipoanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani, pale ndipo alipokuwa anajasiria mali. Pale ndipo neno lilipostahili.

Nirudi kwenye bango. Kutengeneza sabuni ni ufundi. Ni ufundi mzuri, wenye vipimo, na mtu akikosea vipimo mikono ya wateja itamwambia. VETA ipo tangu 1994 kwa ajili ya kufundisha mafundi, na SIDO tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Hakuna aibu yoyote katika neno ufundi. Lakini katika siku zile tatu hakuna mahali hata pamoja ambapo kijana alitakiwa kuamua. Malighafi imenunuliwa na wenye mradi. Rangi imechaguliwa. Dumu limeletwa. Hakuna aliyeulizwa nani atainunua sabuni hii, kwa bei gani, na kwa nini aache ile ya dukani kwa Mpemba. Hakuna aliyeweka chake mahali pa kupotea. Mwisho wa yote vijana wote wa mtaa mmoja wametoka na sabuni moja ya rangi ya kijani, na jumatatu watauziana wao kwa wao.

Hapa kuna tofauti ambayo vijana wenyewe wanaijua kuliko wawezeshaji wao, ila haijawahi kuandikwa ubaoni. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda. Utakuta dereva wa hesabu na dereva wa mkataba. Wa hesabu anapeleka kiasi fulani kila siku kwa mwenye pikipiki, ambaye wanamwita (sikiliza) tajiri. Hesabu haijali mvua, haijali pancha, haijali trafiki. Kinachozidi ni chake, kikipungua anajazia mwenyewe, na pikipiki haitakuwa yake hata aiendeshe miaka mitano. Wa mkataba naye anapeleka kila siku, lakini siku zikitimia kadi inaandikwa jina lake. Kwa nje wanafanana hadi kofia. Wote wamebeba hatari ya barabara. Lakini yule wa kwanza anajasiri tu, mali ni ya mwingine. Wa pili anajasiria mali. Tofauti yao ni hiyo herufi moja ya kauli ya kutendea, ile a, na sijaona mfano bora wa somo la sarufi.

Kariakoo nako kuna mali kauli. Kijana anachukua mashati kwa mwenye duka kwa kauli tu, bila fedha, anayatembeza, jioni analeta bei ya duka na kubaki na cha juu. Yeye yuko wapi? Kwa Cantillon yumo, maana bei ya jioni haijui. Kwangu pia yumo, na zaidi ya hapo: ameweka rehani kitu kigumu kuliko fedha, yaani kuaminika kwake. Kijana wa Tandale asiye na shilingi anao mtaji huo, na hakuna semina niliyohudhuria iliyowahi kuutaja.

Wapo wanaosema ujasiri haufundishwi, mtu huzaliwa nao. Sikubali, na nina sababu. Huko Lomé, Togo, watafiti waliwagawa wenye biashara ndogo 1,500 katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa yale ya kawaida: hesabu, masoko, kutunza daftari. Jingine lilifundishwa kujianzia mambo: kutazama mbele, kutafuta fursa kabla haijatangazwa, kujitofautisha na jirani, kutokata tamaa kikwazo kikija. La tatu halikufundishwa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliofundishwa kujianzia mambo faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Waliofundishwa ya kawaida walipanda kidogo, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautiki na bahati. Maana yake kuthubutu kwa akili kunafundishika, ila si kwa kukoroga ndoo.

Na fedha je? Kaskazini mwa Uganda, kuanzia 2008, serikali iliwapa vijana waliojiunga katika vikundi ruzuku ya takriban dola 400 kwa kila mmoja, wajifunze ufundi na wanunue vifaa. Baada ya miaka 4 kipato chao kilikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9 wenzao wasiopewa walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa waliopewa walibaki na vifaa zaidi na wengi wao bado wako kwenye ufundi. Mimi nasoma hivi: fedha iliwafikisha mapema, haikuwapeleka mahali ambapo wengine wasingefika kwa miguu. Kufika mapema si jambo dogo ukiwa na miaka 20 na mtoto.

Kwetu fedha nayo imezoea kutangulia swali. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango ninaoupenda. Lakini nimeona vikundi vinavyoundwa kwa sababu mkopo upo, siyo kwa sababu biashara ipo, kisha mwenyekiti wa kikundi anauliza: "Tuandike tunafanya nini?" Wanaandika kuku. Au sabuni, maana cheti wanacho. Fedha ikipotea wanakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ili warejeshe, na hapo mtu amejasiria mali kweli, isipokuwa anaijasiria mali ya mwenye kausha damu.

Jambo moja zaidi linalosahaulika na wanaotoka mbali kuja kuwafundisha watoto wa uswahilini ujasiri. Mwenye mshahara akipoteza laki tatu kwenye kuku, amepata hadithi ya kusimulia. Binti wa Manzese akipoteza laki tatu, mdogo wake hajaenda shule. Woga wake si upungufu wa elimu. Ni hesabu aliyoipiga vizuri. Mwalimu anayejua kazi yake hamwambii athubutu zaidi. Anamwonyesha namna ya kuthubutu kwa kiasi kidogo ambacho kikipotea nyumba inasimama: chupa kumi za sabuni kabla ya dumu, nyumba kumi za kuuliza kabla ya chupa kumi. Hilo linafundishika kwa asubuhi moja, bila ndoo, na halipigiki picha vizuri, jambo ambalo nadhani ndilo linalolinyima wafadhili.

Basi kwa yule dada mwezeshaji wa Mbagala, ambaye alikuwa mchangamfu na vipimo vyake vya sabuni vilikuwa sahihi kabisa: safari ijayo bango liandikwe "Mafunzo ya kutengeneza sabuni na batiki". Vijana watakuja vilevile. Wakishajua kutengeneza, watume mtaani na chupa tatu kila mmoja, warudi na fedha au warudi na chupa, na waeleze kwa nini. Mchana huo wa kueleza ndio uupe lile jina refu. Na liwe na r.